Ncha ya Wali wa Njano

Ratri, mpira unadunda sebuleni gizani, du, du. Ni mume wangu. Kazima taa.

Leo walikuwa wanaiaga timu yake ya kikapu, Banteng Salatiga. Imeuzwa, inahamia Jakarta! Makombe matatu, yote nahodha ni yeye, Danang wangu.

Ukaletwa wali wa njano, umesimama kama mlima. Unajua ncha hupewa anayeheshimiwa kuliko wote. Danang akanyoosha sahani, shoga. AKANYOOSHA SAHANI.

Bosi wa timu akaikata ncha, akampita, akampa mnunuzi! "Wewe mzee wetu, utakula wa chini."

Mzee! Miaka thelathini na mitatu! Watu wakacheka. Karudi nyumbani hajala hata punje.

Sasa binti yetu Kinanti kaufinyanga wali wake mlima mdogo, kamfuata babake humo gizani.

"Baba, ncha ni yako."