Kurasa Ulizozigandisha

Lubumbashi, Jumapili baada ya misa

Kwako Yaya Ngoy, kaka yangu wa kwanza,

Habari za hapo Kongolo? Goti lako linasemaje na mvua hizi? Na Mama Bijou, mke wako, kikohozi kimemwachia? Mimi mwili haujambo. Samaki wa Lualaba uliowatuma kwa mkono wa yule mama wa treni walifika salama; majirani walijua nimeletewa nini kabla sijafungua mfuko, na mmoja wao hajanisalimia kwa furaha hivi tangu nihamie hapa.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu jambo lenyewe siliwezi kwa simu. Wewe ukiulizwa neno zito kwenye simu unasema mtandao mbaya. Na naandika Kiswahili cha darasani, kama baba alivyotuzoesha, ila maneno ya watu wa huku nitayaacha yalivyotoka vinywani mwao.

Bado nafundisha Kifaransa pale shuleni Kampemba, na bado nimepanga huku Annexe, vyumba viwili pembeni mwa mashamba ya mahindi. Mvua ikinyesha asubuhi navua viatu, navishika mkononi, nikifika barabarani nanawa miguu ndipo napanda gari. Umeme unakuja siku unayotaka wenyewe. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wamepita hamsini, wanabanana watatu watatu kwenye dawati. Siku nyingine narudi nyumbani sina sauti kabisa, nasonga bukari yangu kimya, nakula kimya. Lakini sikushika kalamu ili nilalamike.

Yaya, nimekipata kile kitabu.

Nilikuwa mjini, pale wazee wanapotandika vitabu vikuukuu chini, kando ya ukuta. Nikaona mchoro: chombo cha chuma kama sufuria iliyofunikwa, miguu mitatu, kimetua juu ya mwezi. Nilichuchumaa palepale, mkoba ukaanguka. Kilikuwa chenyewe, kile cha safari ya mwezini ulichonisomea nilipokuwa na miaka minane, mguu wangu umefungwa plasta, nawe una kumi na mitatu. Ulikuwa ukitoka shule unaketi kwenye kizingiti, Kifaransa kiko mapajani, kinywani kinatoka Kiswahili. Profesa mwenye ndevu, nahodha mkali, mbwa wao. Na Kabwe, fundi wa kwetu, ambaye chombo kilipoharibika ni yeye peke yake aliyejua pa kugonga. Nilimpenda Kabwe kuliko wote. Nikiumwa usiku nilikuwa nasema, Kabwe angekuwepo angenitengeneza mguu.

Nikakinunua, nikaamua kuwasomea wanafunzi saa ya mwisho ya Ijumaa, saa ambayo hata mwalimu anatazama mlango. Sikukipitia kwanza. Nilidhani nakijua chote.

Ijumaa ya kwanza walinong'ona. Ya pili waliniomba nisome polepole. Kuna msichana mmoja, Mwape. Baba yake, Papa Chanda, anafanya biashara ya vitenge kati ya hapa na Mokambo, mpakani. Mwape alikuwa haandiki Kifaransa hata sentensi moja isiyo na kovu. Ijumaa ya tatu alihamia dawati la mbele, akawa ananakili maneno mapya kwenye mkono wake, kuanzia kifundo hadi kiwiko. Nilifurahi sana. Nilishangaa kidogo tu kwamba Kabwe hajatokea. Nikasema moyoni, labda yuko sura zinazokuja.

Ijumaa ya nne tukafika mahali chombo kinapojengwa. Kumbe kinajengwa Afrika, kwa sababu shaba yake inatoka huku kwetu. Wanafunzi walipiga makofi, “Katanga! Katanga!” Nikafungua ukurasa uliofuata, na mwandishi akaanza kuwaeleza wapagazi waliobeba shaba hiyo. Sitaandika alivyowaeleza. Wewe unayajua maneno hayo. Nilikuwa nimeshasoma mistari miwili, kwa ile sauti yangu nzuri ya kusomea, ndipo nikasikia ninachosema.

Nikakata sentensi katikati.

“Madame, endelea,” mmoja akasema.

“Ukurasa umechanika,” nikajibu.

Mwape alikuwa hapo mbele yangu. “Haikupasuka, Madame. Niko naiona.”

Akasimama, akakipokea kitabu mikononi mwangu, si kwa ukorofi, kama vile mtu anavyokupokea mzigo, akausoma ukurasa wote hadi chini. Siku hiyo Kifaransa chake hakikukosea hata neno moja. Nyuma kuna aliyecheka, akaona hakuna anayecheka pamoja naye, akaacha. Kengele ikalia. Kwa kawaida Ijumaa wanatoka kama maji. Siku hiyo waliondoka mmoja mmoja, bila kunitazama.

Nilifika nyumbani nikasoma kilichobaki, hadi mwisho. Kabwe hayumo, Yaya. Hakuwahi kuwemo. Yuko mtu mmoja mweusi aliyechukuliwa kubeba maji, hana jina, wanamwita “boyi” tu. Katika sura ya mwisho chombo kinakuwa kizito, hakiwezi kuondoka mwezini. Nahodha anapitia mizigo. Mawe ya mwezini ni ya thamani. Mbwa anapendwa. Basi wanamshusha boyi. Mistari mitatu, halafu wanakula chakula cha jioni.

Na mimi nakumbuka vizuri. Mle katika kitabu chetu, kurasa nyingine zilikuwa nene kama kadibodi, nikakuuliza, ukaniambia zilinyeshewa. Hazikunyeshewa. Ulizigandisha kwa uji wa muhogo.

Nitakuambia ukweli: kwanza nilikukasirikia. Nilisema, amenifanya mjinga miaka yote hii, amenipeleka mbele ya darasa nimefumba macho. Nilikasirika Jumamosi nzima. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Jumapili kanisani, padri anahubiri, mimi nahesabu miaka. Kumi na mitatu. Ili mtu agandishe ukurasa, lazima awe ameusoma.

Jumatatu prefe, mkuu wetu wa shule, akaniita ofisini. Papa Chanda alikuwa ameshaketi, koti la mvua mwilini, kofia magotini.

“Mutoto wangu hakula tangu Ijumaa,” akasema. “Ameniuliza: Papa, bazungu banaona shiye vile? Miye nimujibu nini, Madame? Uniambie. Nimujibu nini?”

Nikaomba radhi. Nikasema sikuwa nimekisoma kitabu kabla ya kukiingiza darasani.

“Mwalimu hakusoma buku yake?” akauliza. Hakupaza sauti. Bora angepaza.

Prefe akasema, “Ile buku inatoka kwa masomo leo. Imeisha.”

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikawaeleza habari zako. Plasta, kizingiti, Kabwe, uji wa muhogo. Nilizungumza kwa haraka, kama mtoto aliyekamatwa. Nilipomaliza, Papa Chanda akanigeukia.

“Kaka yako alikuwa na miaka ngapi?”

“Kumi na mitatu.”

“Karibu sawa na Mwape.” Akageuza kofia yake. “Babu yangu alikuwa boyi kwa nyumba ya bazungu. Hakutuelezaka kintu. Tukiuliza, anasema enda kacheze.” Kisha akamgeukia prefe. “Ukifunga ile buku sasa, batoto batabaki na ule ukurasa tu. Umuache asome yote. Na miye nitakuya kusikia.”

Prefe hakupenda. Alitazama dirisha, akatazama faili zake. Mwisho akasema nisome mara moja, nimalize, na kitu chochote kikitokea ni juu yangu.

Ijumaa Papa Chanda alikuja kweli. Alikaa dawati la mwisho, magoti yamefika kifuani, koti lake linadondosha maji. Mwape hakugeuka kumtazama, lakini nilimwona amekaa wima. Nikasoma. Ukurasa wa wapagazi niliusoma kama ulivyo, nikaendelea hadi pale boyi anaposhushwa.

“Na mbwa?” akauliza yule aliyecheka wiki iliyopita.

“Huyo walirudi naye.”

Hakuna aliyecheka. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba ilibidi tusubiri. Ilipopungua Mwape akainua mkono.

“Madame, muntu mwenye aliandika, alijua shiye tutasoma?”

Nikamjibu, “Hapana. Nadhani hata haikumpitia akilini.”

“Basi tumesoma,” akasema, akaketi.

Ndipo huko nyuma mkono mwingine ukainuka, mkubwa, wa mtu mzima. Papa Chanda. “Sasa ile ya kaka yako. Tunataka kusikia.”

Nikawasimulia Kabwe. Jinsi alivyoziba tundu la chombo kwa nta ya nyuki, jinsi alivyomzomea nahodha kwa Kiswahili na nahodha akadhani anasifiwa. Walicheka hadi mwalimu wa jirani akaja mlangoni. Halafu wakaniuliza: alirudije kutoka mwezini? Nikakwama. Sikumbuki, Yaya. Nadhani mwishoni nilikuwa nimelala. Mwape aliniambia, “Umuulize.” Basi nakuuliza. Wanangoja, hamsini na zaidi, na mzazi mmoja.

Sasa lile neno zito. Mwaka uliofuata ule wa plasta uliacha shule, ukaingia kazi ya reli. Ulisema vitabu havikupendi. Baba alikuwa mgonjwa, karo ilitosha mtoto mmoja, nami nikaamini ulichosema kwa sababu kilinifaa. Nimesoma hadi nimekuwa mwalimu kwa sababu ya neno lako lile. Sikuulizi kama ni ukurasa ule uliokutoa shuleni. Labda ni baba, labda ni vyote, labda hata wewe hujui. Nilitaka tu ujue kwamba nimefika pale ulipokuwa umefika, nimechelewa sana, na kwamba nilipofika hapo nilidanganya kwamba ukurasa umechanika, nami ni mtu mzima mwenye diploma.

Nilikuwa na wewe, ndiyo maana nilimpata Kabwe. Wewe ulikuwa na nani?

Likizo ya Pasaka nakuja. Nimeshamwomba prefe ruhusa ya siku mbili zaidi, maana treni unaijua. Usihangaike na chochote, hata kitanda; nitalala na watoto. Kama utataka kusimulia mwisho, nitawabebea wanafunzi sauti yako kwenye simu. Kama hutaki, tutakula, tutaenda mtoni, nitawaambia wanafunzi mjomba wao wa Kongolo bado anafikiri.

Nisalimie Mama Bijou, umwambie kitenge chake nimekichagua mwenyewe, rangi ya kijani kama alivyotaka. Nisalimie shangazi yetu anayekaa nyuma ya stesheni, na watoto wako wote, hasa yule wa kwanza anayeanza kusoma. Mkatekista naye umpe mkono. Ndiye aliyenifundisha kutembea tena baada ya plasta, na sijawahi kumshukuru vya kutosha.

Na kitabu nakuja nacho. Wewe ule ukurasa uliusoma peke yako, Yaya. Safari hii tuusome wawili.

Mdogo wako,
Feza