Baba Melkiadi Bukuru, Katekista Aliyehamishia Ibada Nje

Mwaka umetimia, Baba, tangu Alhamisi ile, tarehe 9 Machi 1978, ulipofumba macho nyumbani kwako Nyakitonto. Asubuhi bado tunasikiliza kama utakohoa uani ukitafuta jembe.

Ulilima maharage mchana na kufundisha katekisimu jioni, udongo ukiwa bado kwenye kucha. Mtoto aliyekosea sala hukumchapa. Ulimwambia, "Anza tena, Mungu hana haraka."

Tunataka watu wajue yaliyokupata mwaka 1973. Mwanamke mmoja, Niyonsaba, alikuwa amekimbia mauaji ya Burundi, akapita Kibondo kwa miguu, akafika kijijini kwetu peke yake. Ukoma ulikuwa umemla vidole. Jumapili ya kwanza alipoingia kigangoni, kanisa letu dogo la kijijini, watu walihama benchi alilokalia. Jumapili ya pili alikaa nje ukutani, na hakuna aliyemwita.

Jumapili ya tatu uliibeba meza ya sala, ukaiweka mbele yake na kuanza ibada hapo hapo. Waliozoea kukaa mbele wakajikuta wako nyuma, wanasikilizia dirishani. Mzee Benedicto, mwenyekiti wa kigango, alitoka akakuuliza, "Katekista, unatukimbia?"

"Simkimbii mtu," ulimjibu. "Nimekuja alipo mwenzetu. Akikaribishwa ndani, nami nitaingia."

Mlisali nje majuma saba, mengine mvua ikinyesha. Familia kadhaa zilihamia kigango kingine, na mdogo wako Kipriani akaenda nazo. Waliokuwa wakikusaidia shamba, kama ilivyo desturi kwa katekista, hawakuja tena. Maharage yakaoza.

"Watoto watakula nini?" Mama alikuuliza. "Utawapikia huruma?"

Uliketi jikoni ukalia, naye alikuona. Jumapili iliyofuata Mama alikunja mkeka wake, akaenda kuutandika karibu na Niyonsaba.

Kisha uliendesha baiskeli hadi Kasulu kwa Bwana Tamimu, mganga wa serikali aliyekuwa akimtibu Niyonsaba. Mwislamu huyo, mzaliwa wa Pangani, alikuja akasimama mlangoni mwa kanisa letu. Akawaeleza watu kuwa dada huyu amekwisha kutumia dawa na hawezi kumwambukiza mtu. Halafu akamshika mkono, akaendelea kuushika huku akizungumza.

Mzee Benedicto alisikiliza mpaka mwisho. Aliingia ndani, akafuta benchi la mbele kwa kofia yake, akarudi mlangoni. "Mama, karibu ukae," alimwambia Niyonsaba. Kisha akaibeba meza yeye mwenyewe.

Tangu siku hiyo kigango chetu kimekuwa kingine. Sala za katikati ya juma zilihamia majumbani, mkaanzia kwa wale ambao hawakuwa wakitembelewa na mtu. Wakimbizi wengine waliofika baadaye wakaimba kwa Kirundi na wenyeji wakajifunza kuitikia. Niyonsaba akawa mwalimu wa watoto wa komunyo ya kwanza.

Waliohama hawakurudi wote. Kipriani hakukanyaga kwako miaka mitano, ingawa kila Krismasi ulimpelekea salamu na kikapu cha viazi. Hilo lilikuuma, Baba, tulijua. Alikuja siku ya maziko. Alisimama mbali mpaka watu walipotawanyika, ndipo akatuuliza Niyonsaba anakaa nyumba ipi. Alikwenda. Waliyozungumza hawakutuambia.

Unakumbukwa na mkeo Josepha, wanao Anatoli, Theodosia na Philomena, wajukuu zako, Mzee Benedicto na Wakristo wote wa kigango, Bwana Tamimu, ambaye sasa yuko Kibondo, Niyonsaba, uliyemwita binti, na mdogo wako Kipriani, aliyetuomba jina lake tuliandike hapa, baada ya la Niyonsaba.

Hatutakusahau, Baba, siku zote tutakazojaliwa kuishi.