Mashine ya Sifa Haitaki Kadi Yako

Baba Sifa,

Leo sikuiti mwanangu. Nakuita kwa jina la mtoto wako, ili ukumbuke weye ni baba wa nani. Nimeandika kwa mkono wangu, polepole, na herufi zangu mbaya unazijua. Jirani ataipiga picha karatasi hii na kuiweka kwenye kikundi cha familia, maana humo ndimo ulimomtukana binti yako, shangazi zake wote wakasikia. Ulisema mbele yao. Mimi nami nasema mbele yao.

Mtoto alikuomba shauri moja tu. Alitaka kufungua sekretaria pale Rugenge, kando ya barabara, chumba cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Pesa ni yake, ya kusuka watu nywele. Vipande vya ordinatere, yaani kompyuta, alivichagua kimoja kimoja, leo hiki, mwezi mwingine kile. Akanieleza mimi bibi yake nikipepeta mchele: "Koko, hii prosesere, ubongo wa mashine, iko na picha ndani yake, haiombe kadi ingine ya picha. Miye sitengeneze filme. Watu wanataka barua ya kuomba kazi." Akasema ataweka rami mbili, vile vijiti vya kumbukumbu, zinazofanana, siyo moja, kwa sababu prosesere hiyo inakopa nafasi humo ili ichore picha, na zikiwa mbili inachora haraka. Nikamuuliza habari ya umeme, "Na kuran?"

"Inakula kidogo, Koko. Pano yetu ya jua na betri vitaiweza."

Sikuelewa yote. Nilielewa kwamba kila kipande amekiwazia.

Na weye ulijibu nini? "Ordinatere bila kadi ya picha ni takataka. Mtoto wa kike anajua nini ya mashine? Aache kazi ya wanaume." Halafu ukatuma hiyo kadi na msafiri, nzito kama tofali, na feni tatu juu yake. Unajua kwetu kitu kikitoka Bulaya, huko kwa wazungu, watu wanakuja kukitazama na mchungaji anakiombea. Basi wakaja, wakamaliza bukari yangu, ugali wote, wakapiga makofi. Sifa peke yake alikuwa akiipima kwa rula. Kadi ilikataa kuingia ndani ya sanduku la mashine yake, ni ndefu mno. Ilitaka waya wa umeme ambao yeye hana. Na kwa betri yetu, ingezima kila kitu kabla jua halijafika utosini. Alipokuambia hayo kwa heshima, ukamwamuru auze vyote aanze upya, na mdogo wako Kiza aje kuvichukua.

Tangu hapo vipande vililala ndani ya beseni, vimefunikwa kitenge kama maiti. Wanafunzi wakapita na karatasi zao za kuandikishwa, wakaenda kuchapa kwingine. Mwenye chumba akaanza kuuliza kama atafute mpangaji mwingine.

Kazi ya wanaume! Umesahau Kalundu, pale bandarini? Ulikuwa bado mtoto, baba yako alikuwa mgonjwa, ukanibebea beseni ya ndagala, wale samaki wadogo, kichwani kutoka kwenye mitumbwi. Wabeba mizigo wakakucheka: "Tazameni kamama kadogo!" Ukatua beseni ukalia, makamasi yakachanganyika na maji ya samaki. Nikawaambia, "Mwanaume kati yenu aje abebe, tumwone." Hakuja hata mmoja. Nikakufuta uso kwa ncha ya kitenge, ukabeba tena. Jioni ulikula huku unasinzia, ukaniambia, "Mama, sikumwaga hata moja." Na ulipotaka kusoma umeme, baba zako wadogo wakataka ulime mashamba ya Kiringye, nani alisimama? Ulichagua mwenyewe. Ulikosea pia, si mara moja. Kuna siku nilikuita takataka?

Jumapili Kiza alikuja kuchukua beseni. Nikakaa chini, nikaweka mguu juu ya beseni.

"Mama, kaka amesema."

"Kaka yako alisema akiwa wapi?"

"Bulaya."

"Basi aje aibebe yeye. Na mimi anibebe ndani yake."

Nikamwita Sifa: "Unganisha mashine yako." Akaiunganisha mbele ya Kiza, bisibisi mdomoni. Akabonyeza. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Kiza akacheka: "Si kaka alisema?" Mtoto akainama tena juu ya mashine. Alizima, akachomoa rami moja, akaifuta, akairudisha na kuisukuma mpaka ikalia kak. Akabonyeza tena. Kioo kikawaka, buluu kama ziwa asubuhi. Kiza akaomba maji ya kunywa.

Sasa sekretaria iko wazi, watu wanaingia. Kadi yako iko juu ya kabati; ukija utaitafutia kazi. Hasira yangu siyo ya kadi.

Zamani simu yako ikilia, Sifa alikuja mbio na povu la sabuni mikononi. Sauti uliyomtumia aliisikiliza mara mbili, ya pili akiwa peke yake nyuma ya nyumba. Siku hizi ametoka kwenye kikundi. Simu ikilia hainui hata kichwa: "Koko, pokea weye." Mimi napokea, nakudanganya: amelala, yuko sokoni, anaoga. Ulimwacha kwangu hajang'oa jino la kwanza, nikamlea, sikunung'unika. Lakini kukudanganyia, hapana. Nimechoka.

Kwa hiyo sikia. Ukipiga kwangu kumuulizia Sifa, nitakata. Piga kwake. Asipopokea, piga tena kesho, na kesho kutwa. Siku atakapopokea, usianze na mambo ya mashine. Anza na "nisamehe", na ulitamke vizuri lisikike, maana nitakuwa nimekaa hapo karibu.

Ubaki na Mungu. Na uvae koti, nasikia huko ni baridi.

Ni mimi mama yako, aliyekuzaa na bado ana nguvu za kukugombeza