Kiu ya Mama

Kaka yangu,

Mwanao ameota meno mawili, anamng'ata kila anayembeba. Hizo ndizo habari njema. Sasa nisikilize.

Mama yuko wodini. Sukari ilimpanda, akawa anakojoa usiku na mchana, na kila alipoomba maji wifi alimjibu, "Mama, mwanao kasema usinywe, unaloanisha godoro." Nilipokwenda kumjulia hali, ulimi wake ulikuwa mkavu kama gome na hakunitambua.

Daktari alisema sukari imemkausha mwili, hata chumvi kwenye damu imepanda kupita kiasi.

"Nani alimnyima maji?" aliuliza.

Wifi akainamisha kichwa. Nikajibu mimi, "Mwanawe wa kiume, kwa simu."

Dripu inaingia polepole, maana maji yakirudishwa kwa pupa ubongo huvimba. Jana alifumbua macho, akaninong'oneza, "Usimwambie kaka yako, atapata wasiwasi."

Umesikia? Anakuonea huruma wewe! Mimi sina huruma hiyo. Akitoka hapa anakuja kwangu. Ukitaka kumwona, panda gari uje umpigie magoti kwanza, nami nitakuwa nimesimama mlangoni.

Ni mimi dada yako, uliyenyonya naye ziwa moja.