Rangi ya Ukuta wa Baba

Chumba cha uani,
Nyumbani.
9 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Wifi hajambo? Watoto je? Na huo mgongo wako umepoa, au bado unabeba mizigo kama kijana wa miaka ishirini? Sisi huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini anafoka vilevile, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Najua unachotaka kusikia kwanza ni kama Baba amenisemesha. Tulia, nitafika.

Unaukumbuka ule ukuta wa mbele wa wodi ya wazazi, ule mwekundu wa tofali, ambao Baba aliupaka alipokuwa bado na nguvu zake? Hospitali waliamua kuufunika kwa paneli za sola, maana paa ni dogo na umeme ukikatika wakunga hushika tochi kwa meno. Sharti lao lilikuwa moja tu: rangi ya ukuta isibadilike, la sivyo kazi wanaiacha. Karakana yetu ikaipata, nami nikakabidhiwa. Nilipomwambia Baba alikunja uso, akasema, "Kwa hiyo umeamua kunifuta." Tangu siku hiyo, miezi mitatu mizima, hata chumvi iliyo mbele yangu aliiomba kupitia kwa Mama. Kaka, iliniuma sana.

Usidhani kioo cha mbele cha paneli tunakipaka rangi. Hakuna hata tone. Kinaingia kwenye mtambo ulioondolewa hewa, kinatoka na utando mwembamba ajabu, ngozi ya kitunguu ni godoro mbele yake. Unene wa utando ndio unaoamua mwanga upi urudi machoni pako na upi upite ukafanye umeme. Ni mambo yaleyale ya mapovu ya sabuni tuliyokuwa tukipuliza uani, yana rangi na hakuna aliyeyapaka.

Nilihangaika wiki sita mpaka nikaupata wekundu wenyewe. Bosi wetu, Mama Miwani, alikilaza kioo mezani kando ya kipande cha plasta ya ukuta ule, akainama, akasema nimepatia. Siku hiyo nilitembea pua juu.

Nikakileta nyumbani, nikakiweka mezani karibu na kikombe cha Baba. Baba alikichukua kile kioo, akatoka, akamwomba fundi cherehani wa jirani apande ngazi akishike juu kwenye ukuta wa nyumba yetu, kisha akavuka barabara. Nikamfuata. Haki ya Mungu, nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Kioo kilikuwa cha kijani, kijani cha ndizi mbichi! Sisi wote na vyeti vyetu tulikuwa tukikitazama kikiwa kimelala mezani. Hakuna aliyekumbuka kwamba ukuta hutazamwa na mtu aliye chini barabarani, na utando ule ukitazamwa kiupande, rangi inahama.

Baba alinigeukia. Akasema, "Hivi nilikufundisha kukagua rangi mezani? Kesho lete kingine."

Ndivyo alivyonisemesha, Kaka. Nililia palepale barabarani, fundi cherehani bado yuko juu ya ngazi anauliza kama anaweza kushuka.

Tukaongeza unene wa utando, kidogo kidogo, na kila jioni Baba alivuka barabara na kufumba jicho moja. Kioo cha saba Mama Miwani alipokiona mezani aliguna, maana kilikuwa na wekundu mzito wa ovyo. Lakini kilipopandishwa juu, Baba alisema neno moja tu: "Hapo."

Paneli zote sasa ziko ukutani. Juzi umeme ulikatika mchana, na wakunga hawakujua mpaka walipoambiwa.

Msalimie wifi, na yule mtundu wako mwambie shangazi yake bado anayo meno yote. Mama anakusalimu sana. Baba pia anakusalimu, ila usimtafute nyumbani mchana. Amehamishia kiti chake ng'ambo ya hospitali, na kila apitaye lazima asimamishwe. Jana nilimkuta akimwambia mama mmoja aliyebeba kichanga, "Ukuta ule tumeupaka mimi na binti yangu."

Tone la rangi halimo, unajua. Lakini nilikwenda nikasimama kando yake.

Mungu awalinde hadi tuonane.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kijiti