Kaka Harlan Hataki Kwenda Bila Wewe

Florence, Alabama
14 Agosti 1978

Mpendwa mdogo wangu Orrin,

Pokea salamu kutoka kwenye joto hili linalotutokosa kama viazi. Hujambo huko Alaska? Kile kifua kimepona? Ingrid na mtoto wazima? Mimi mwili mzima, lakini moyo hauna raha hata chembe. Simu ya kambi yenu ya kazi nimeipiga mpaka vidole vimekufa ganzi, hakuna anayepokea.

Orrin, kaka Harlan anatuponyoka. Tangu walipompasua koo kwa ile saratani hasemi tena. Huandika kwenye kibao. Kilichobaki kuwa sauti yake ni gitaa la umeme na kile kikanyagio cha mkwaruzo ulichomtengenezea, kisanduku cha mguuni kinachoukwaruza mlio wake. Akikikanyaga, noti inajivuta na kulia kama mtu. Kanisani husema, "Harlan anaimba."

Basi kikanyagio kikaanza kukohoa, kisha kikazima. Naye akaacha kula. Hospitali inamngoja kwa tiba ya mionzi, yeye ameandika neno moja: "Niacheni."

Nilikimbilia kwa Cletus, rafiki yako wa duka la redio. Akanitania, "Dada Verna, umeniletea pai au balaa?" Nikaangua kilio mbele ya wateja. Maskini, akachukua bisibisi, akakifungua kikanyagio.

Alinionyesha zile transista mbili zilizomo ndani, vidude vya kukuza umeme. Ya kwanza inakuza mlio mdogo wa gitaa, ya pili inaukuza tena, mpaka wimbi la mlio linagonga dari, kwa maana nguvu ya ile betri ndogo ndiyo mwisho wake. Vilele vinakatwa, vinabaki bapa; mkato huo ndio mkwaruzo. Noti ikianza kufifia, bado ina nguvu ya kugonga dari, ndiyo maana hudumu vile, kama pumzi ya mwimbaji.

Akaweka transista mpya za silikoni. Nikakirudisha nyumbani, Harlan akapiga noti moja, akakipiga kikanyagio teke hadi ukutani. Kwenye kibao: "Huyu si mimi."

Nilirudi dukani nikiwa kama mwehu. Cletus akazirudisha zile kuukuu, akakijaribu pale mbele ya feni, kikalia vizuri! Akaniuliza, "Kwani nyumbani mnakiweka wapi?" Nikamwambia barazani, chini ya bati. Akashika kichwa. "Mama wee! Hizi ni za gerimaniamu, dada. Zikipata joto zinavujisha umeme hata zisipoombwa, mlio unakabwa. Hazijafa. Zipoze!"

Nikajaza barafu kwenye sinia la kuokea, nikakifunga kikanyagio kwa mfuko wa plastiki na kukilaza juu. Harlan akanitazama kama niliyerukwa na akili. Akakanyaga.

Orrin, aliimba. Alipiga wimbo aliopenda mama, ule wa kuteka maji, mpaka majirani wakasimama uani. Barafu ilipoyeyuka sauti ikaanza kukatika, akaketi, akala bakuli zima la uji wa mahindi.

Nikampigia magoti: "Kaka, twende hospitali." Akavuta kibao, akaandika: "Naogopa. Orrin akija, nitakwenda."

Daktari anasema mwezi huu ukiisha kabla hajaanza tiba, asiletwe tena, haitasaidia. Nimebembeleza, nimegomba, nimeomba. Hatikisiki. Waombe ruhusa, wakikunyima, acha kazi. Usiniandikie jibu, mdogo wangu. Panda ndege.

Shangazi Opal anakusalimu, Cletus pia, anasema kwake kitanda chako kipo. Mbusu mtoto, mkumbatie Ingrid. Mungu akufungulie njia zote kati ya huko na hapa.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ambaye sina mwingine wa kumlilia,

Verna