Chupa ya Pasaka

Same,
9 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje baada ya baridi ya mwezi uliopita? Na Mama, kikohozi kimemwachia? Huku sisi ni wazima, ila upepo na vumbi havitupi nafasi. Cherehani zote mbili zinazunguka tangu asubuhi, maana nguo za kipaimara zimejaa mezani. Jirani yangu Stumai, yule aliyestaafu shamba la mkonge, anawasalimu na kuwashukuru kwa maharage.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, nami ningeogopa, nikageuza mazungumzo yawe ya mahindi. Habari yenyewe ni kwamba tangu mwaka jana napika bia hapa nyumbani. Siuzi, ni ya kunywa sisi na wageni wetu. Na sisemi dengelua, ile pombe ya miwa, Baba. Nasema bia ya shayiri, kuanzia punje.

Najua umetabasamu. Miaka ishirini na minane ulisimama kiwandani kwenye mitambo ya kuchuja, ukatulea kwa kazi ya kuhakikisha hakuna chupa inayotoka na ukungu. Nakukumbuka ukiinua glasi dirishani na kusoma gazeti kupitia bia. Ulikuwa ukisema bia ya sufuria haitatakata hata apike malaika. Maneno hayo ndiyo yaliyonikaa kichwani.

Shayiri niliipata kwa mteja wangu mmoja mwenye ndugu wanaolima upande wa Kilimanjaro. Niliiloweka, nikaiacha ichipue juu ya magunia, nikaianika juani. Jua la Same halina mzaha, kimea kilikauka kikawa kinanukia kama mkate. Hapo nikaona nimemaliza kazi. Nikakipeleka mashine ya kusaga unga, kikarudi laini kama unga wa uji. Nilipokichanganya na maji ya moto, nikangoja saa nzima, kisha nikafungua koki ya ndoo, ilitoka togwa nzito, rangi ya maji ya mafuriko. Baada ya dakika chache koki ikaziba kabisa.

Mimi fundi wa nguo, nikadhani kitambaa kitaniokoa. Nilichuja kwa marekani, nikachuja kwa bitana, nikakunja kitambaa mara nne nikakamua mpaka vidole vikauma. Kadiri nilivyokamua ndivyo ilivyozidi kuwa na tope. Nikachemsha hivyo hivyo, nikaiacha ichachuke, ikawa bia chungu yenye mashapo, inayokwaruza koo. Kaka Fredrick alipopita akitoka Lembeni alionja nusu kikombe, akaniomba maji. Mapishi matatu nilimwagia migomba.

Stumai ndiye aliyenifungua macho, na wala hanywi pombe. Alikaa kizingitini akinitazama nikikamua, akanisimulia kwamba kambini kwao walichuja maji ya mto kwenye pipa la mchanga na kokoto. Maji ya kwanza yalitoka machafu, wakayarudisha juu taratibu, na tena, mpaka yakaanza kutoka safi. Ole wake aliyeuchokoza mchanga. Kisha akasema:

“Wewe unapigana na maganda, Irine. Hayo maganda ndiyo mchanga wako. Yaache yalale.”

Nilikitua kile kitambaa chini.

Wiki iliyofuata sikwenda mashineni. Niliazima kinu cha mkono cha kusagia karanga, nikakilegeza ili punje zipasuke tu na maganda yabaki mazima. Nikatoboa kitako cha ndoo moja matundu madogo madogo, nikaipachika ndani ya ndoo yenye koki. Maji niliyapima kwa kipimajoto, yasifikie kuchemka, nikayamimina juu ya kimea, nikafunika ndoo kwa blanketi saa nzima. Halafu nikafungua koki kidogo sana, mkondo mwembamba kama uzi. Jagi la kwanza lilikuwa na ukungu. Nikalirudisha juu, nikilimimina kwenye kisahani nilichokilaza juu ya kimea ili kisitibuke. La pili likapungua ukungu. La tano, Baba, nililiinua mlangoni nikaona mistari ya kitenge cha Stumai kupitia humo, dhahabu tupu. Nilikaa chini. Stumai aliuliza kama naumwa.

Tangu siku hiyo sijakosea. Nasuuza kimea kwa maji ya moto kidogo kidogo bila kukiacha kikauke juu, nachemsha na maua makavu ya hopsi, yale ya kuipa bia uchungu, niliyoagiza Arusha, naipoza sufuria haraka ndani ya beseni la maji baridi, natia hamira ichachuke, na mashapo yanayotuama nayaacha chini.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Ile chupa kahawia isiyo na lebo, aliyokuletea Asheri dereva siku ya Pasaka, haikutoka kwa rafiki zako wa kiwandani. Nilimwomba Asheri aseme hivyo. Ilitoka jikoni kwangu. Uliponipigia ukaniambia umeipitisha kwa Mzee Fanueli na wenzake hapo Chome, mkaisomea gazeti, na kwamba mikono iliyoichuja ni mikono iliyofundishwa, nilikuambia simu inakatika. Haikuwa inakatika. Nilikuwa nalia.

Nisamehe kwa kukudanganya. Lakini nikueleze na sababu. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuomba uniombee nafasi kiwandani. Ulisema ile ni kazi ya maji na mizigo, haimfai binti, ukamwombea Fredrick, mimi ukaninunulia cherehani. Cherehani imenilea, sina kinyongo nayo. Ila nilitaka mara moja tu upime kazi yangu bila kujua ni ya binti yako. Kama ningekuambia, ungeisifu kwa huruma, au ungeikosoa kwa mazoea. Umeisifu kama fundi anavyomsifu fundi. Nimekuwa nikitembea sokoni nimenyoosha shingo miezi miwili.

Wazee wenzako ukitaka waambie, ukitaka waache waamini wanavyoamini. Hilo nakuachia. Ninachoomba ni hiki: Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili napika tena, na Asheri ana nafasi ya mbele kwenye gari. Shuka, Baba. Mimi nitashika koki, wewe utaniambia lini imetakata.

Msalimie Mama, mwambie kitambaa chake cha kanisani kiko tayari. Wasalimie na majirani wote wa hapo juu.

Ni mimi binti yako, fundi,
Irine